Sanduku la Kuzalia Pembeni mwa Kitanda Changu

Hotuba kwa wafugaji wa mbwa wa nyumbani, Arusha

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, habari za asubuhi. Nashukuru kwa nafasi hii. Mwenyekiti amenipa nusu saa nizungumzie kuzalisha shnauza wadogo nyumbani, na nitajitahidi nisiivuke, ingawa habari ya mbwa hawa ninaweza kuisimulia mpaka magharibi.

Karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza: "Dada, mbona unazalisha kidogo hivyo? Wateja wapo, bei ni nzuri, ongeza majike." Wengine hudhani sina mtaji. Jibu langu ni kwamba nina macho mawili na usiku mmoja tu. Jike wangu akizaa, nalala naye chumba kimoja wiki tatu. Wakizaa wawili wiki moja, nilale kwa yupi? Mbwa wangu ni wachache kwa sababu kazi yenyewe ni kuwepo, na mtu hawezi kuwepo mahali pawili. Mambo yote nitakayowaeleza leo yanatokana na hilo.

Kwa wasiowafahamu: jina lao, Schnauzer, linatokana na neno la Kijerumani la pua na mdomo wa mnyama, na ukiziona zile ndevu utajua kwa nini. Sisi hapa tumezoea kutamka shnauza. Huyu mdogo alitengenezwa mashambani huko Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, kwa kumpandisha shnauza wa kawaida na mbwa wadogo zaidi kama affenpinscher, ili apatikane mbwa wa kukamata panya ghalani. Mwaka 1899 alionyeshwa kwa mara ya kwanza kama aina inayojitegemea. Mabegani ana sentimita 30 hadi 36, na uzito wake ni kilo tano hadi nane hivi. Anabweka sana, mjue hilo mapema. Hapukutishi manyoya ovyo, lakini manyoya hayo hayaachi kukua, kwa hiyo kila baada ya wiki sita hivi anahitaji kinyozi, na ndevu zinafutwa kila baada ya chakula. Rangi yake inayojulikana zaidi ni ile ya chumvi na pilipili manga. Jike wangu wa kwanza alikuwa na pilipili nyingi kuliko chumvi, ndiyo maana tukamwita Manga.

Manga nilimtoa Nairobi. Tulipita naye Namanga akiwa na cheti cha chanjo na kibali, na alilala mapajani mwangu njia nzima. Wakati ule nilidhani kuzalisha ni kupata jike mzuri na dume mzuri, basi.

Tatizo letu kubwa katika ukanda huu ni kwamba shnauza wadogo ni wachache. Wakiwa wachache, majaribu ni mengi. Mtu ana kaka na dada wa tumbo moja, anawapandisha. Mwingine ana baba na binti. Watoto wanatoka wazuri kwa macho, wananunuliwa, na miaka minne baadaye mwenye mbwa analia kwa daktari. Kila mnyama amebeba kasoro zilizojificha kwenye damu yake. Kasoro ya aina hiyo ikitoka upande mmoja tu inanyamaza. Ikikutana na mwenzake kutoka upande wa pili inaamka, na ndugu wa damu ndio wenye nafasi kubwa ya kubeba kasoro ile ile.

Chukueni mfano wa ugonjwa uitwao mayotonia. Misuli ya mtoto inakaza na kukawia kulegea, anatembea kama aliyefungwa miguu, na ulimi unamsumbua akila. Katika shnauza wadogo unarithiwa kwa namna hiyo hiyo ya kujificha: wazazi wawili wanaoubeba bila kuugua, kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kuupata. Kipimo kipo. Unasugua kijiti cha pamba ndani ya shavu la mbwa, unakituma maabara, majibu yanakuja. Cha Manga tulikituma nje ya nchi na tukasubiri. Wakati tunasubiri alipata joto, yaani siku za kutaka dume, nikaliacha lipite. Marafiki walinicheka kwamba nimepoteza nusu mwaka. Nusu mwaka ni kitu gani kwa mbwa anayeweza kuishi miaka kumi na miwili na zaidi?

Kisha kuna macho. Shnauza wadogo hurithi mtoto wa jicho, mara nyingine wakiwa bado wachanga, na pia ugonjwa unaoua taratibu pazia la nyuma ya jicho. Kuna moyo. Kuna mawe ya kibofu, na kuna mafuta kwenye damu, ambayo nitayarudia kwa sababu yananiuma. Nawaomba, jike asipandishwe kabla hajatimiza miaka miwili. Si kwa kuwa hawezi kushika mimba mapema, maana anaweza hata akiwa na miezi saba. Ni kwa sababu baadhi ya magonjwa haya hujitokeza anapokua, nawe unatakiwa umjue kabla hujamzidisha.

Kuna wanaonipigia simu wakitaka "kadogo kabisa, ka kuingia kwenye mkoba". Mimi sina. Mbwa aliyepunguzwa chini ya kimo chake hupatikana kwa kupandisha vidhaifu kwa vidhaifu, na jike mdogo kupita kiasi huteseka wakati wa kuzaa. Kuhusu mkia, siukati. Najua wengi humu mmezoea shnauza mwenye kimkia kifupi, na watoto hukatwa wakiwa na siku tatu hadi tano. Ujerumani kwenyewe, walikotoka mbwa hawa, ilikataza kuwakata mkia mwaka 1998. Mteja asiyetaka mkia mrefu namwelekeza kwingine kwa heshima zote.

Sasa tuje kwenye kuzaa, na hapa naomba masikio yenu.

Mimba ya mbwa ni kama siku 63 tangu yai liwe tayari. Tatizo ni kwamba siku uliyoiona wewe ya kupanda si lazima iwe siku ya yai, kwa hiyo ukihesabu tangu kupandishwa unaweza kukosea kwa siku kadhaa. Daktari akipima damu kuangalia homoni ya projesteroni wakati wa joto, unapata hesabu ya kuaminika. Baada ya siku 28 hivi altrasaundi inaonyesha kama mimba ipo. Baada ya siku 55 eksirei inakuhesabia mifupa, ukajua wako wangapi, na hiyo ni taarifa ya thamani kubwa saa tisa usiku, pale watoto wanne wametoka na jike amejilaza kana kwamba amemaliza, kumbe eksirei ilisema watano.

Msimpe jike mwenye mimba dawa ya kalisiamu kwa kudhani mnamsaidia. Nilitaka kufanya hivyo, daktari akanizuia. Mwili ukizoea kuletewa kalisiamu kutoka nje unasahau kuitoa wenyewe kwenye mifupa, na siku maziwa yanapoihitaji kwa wingi, jike anaanza kutetemeka, anahema, miguu inakakamaa. Hutokea hasa wiki chache za kwanza za kunyonyesha, zaidi kwa mbwa wadogo wenye watoto wengi. Ukiona hivyo usisubiri asubuhi. Watenge watoto na umkimbize hospitali.

Sanduku la kuzalia liingie chumbani wiki mbili kabla, alizoee. La kwangu ni la mbao, fundi alinitengenezea, na ndani kuna ubao mwembamba unaozunguka kuta zote kama kibaraza, ili mama akijiegemeza ukutani asimbane mtoto. Kuanzia siku ya 58 nampima joto asubuhi na jioni. Joto la mbwa mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likishuka chini ya 37 na nusu hivi, andaa chai, maana mara nyingi ndani ya saa 24 uchungu unaanza.

Mwenye uzoefu wa kuzalisha mbuzi au ng'ombe atadhani anajua. Anajua nusu. Mtoto wa shnauza mdogo anazaliwa na gramu 150 hadi 200, uzito wa embe dogo. Anatoka ndani ya ngozi laini, na mama asipoipasua mara moja, wewe unaipasua kwa vidole, unamfuta pua na mdomo, unamsugua kwa taulo kavu mpaka alie. Jike akisukuma kwa nguvu nusu saa na hakuna kitu, piga simu. Ukiona majimaji ya kijani kabla ya mtoto wa kwanza, piga simu, maana kondo limeanza kuachia na mtoto yuko ndani. Zikipita saa mbili au zaidi na unajua wamebaki, piga simu. Namba ya daktari iwe imeandikwa ukutani, na awe amekubali kabla kwamba ataamka.

Manga alizaa kwa mara ya kwanza mwezi wa saba. Mnaijua Julai ya hapa chini ya Meru, ukungu na ile baridi inayoingia kwenye mifupa. Walitoka wanne salama. Nilikuwa nimefunga taa ya joto juu ya sanduku, nikajisifu kwamba nimejipanga. Usiku wa tatu nilikuwa nimechoka, nikaenda kulala chumba kingine, saa mbili tu, nikajiambia. Umeme ukakatika. Nilipoamka, watatu walikuwa wamejichimbia tumboni kwa mama yao. Wa nne, jike mdogo kuliko wote, alikuwa ameteleza upande wa pili wa sanduku. Alikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nilimweka kifuani chini ya sweta, nikamsugua, nikampigia daktari, nikafanya yote niliyoyajua. Alfajiri hakuwepo tena.

Mtoto wa mbwa hana uwezo wa kujipasha joto wiki mbili za mwanzo. Hatetemeki kama sisi. Akipoa, tumbo linaacha kusaga maziwa, kwa hiyo hata ukimlisha haimsaidii. Apashwe kwanza, polepole, ndipo anyonye. Nilikuwa nimeyasoma yote hayo. Nilichokosa ni kuwepo pale kwa saa mbili. Tangu usiku ule sanduku linakaa pembeni mwa kitanda changu, naweza kunyoosha mkono nikawahesabu gizani. Nina chupa za maji ya moto zilizovikwa soksi, na chupa ya chai ya moto imejaa kila jioni, umeme uwepo usiwepo. Jiko la mkaa msilithubutu chumbani. Hewa yake inaua mbwa na mfugaji pamoja.

Nimekuja na mizani. Ni ile ya jikoni, ya kupimia unga wa keki. Kila mtoto ana uzi wa rangi shingoni, ninaubadilisha anavyonenepa, na kila asubuhi na jioni uzito wake unaandikwa daftarini. Kwa siku kumi za mwanzo daftari lile linaniambia mengi kuliko macho. Mtoto anayelia sana si lazima awe na tatizo, na aliyetulia si lazima awe ameshiba. Lakini aliyeongeza gramu kumi jana na leo hajaongeza kitu, huyo namweka kwenye chuchu ya nyuma yenye maziwa mengi na kumlinda mpaka ashibe. Kwa kawaida uzito wa kuzaliwa uwe umefika mara mbili kati ya siku ya saba na ya kumi. Siku ya kwanza wote lazima wapate dang'a, maana ndiyo kinga yao ya kwanza, na matumbo yao yanaipokea kwa saa chache tu.

Macho yanafunguka kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne. Masikio yanafuata. Wiki ya pili naanza dawa ya minyoo, nairudia kila wiki mbili. Halafu, kuanzia wiki ya tatu, kunakuja kipindi ninachokipenda kuliko vyote, na ambacho wazalishaji wakubwa hawana muda nacho. Ubongo wa mtoto kuanzia hapo mpaka wiki ya kumi na mbili hivi unaamua nini ni cha kawaida duniani na nini ni cha kutisha. Kwa hiyo wanasikia kinu kikitwangwa, bodaboda ikipita, sufuria ikianguka. Wanakanyaga mkeka, saruji, majani. Wanashikwa na mzee, na mtoto, na mwenye kofia, na mwenye mkongojo. Nawazoesha kushikwa ndevu na makucha kila siku, ili kinyozi asije akapigana nao maisha yote.

Niseme kidogo kuhusu majirani. Ukuta wangu wa kushoto ni wa familia ya Kiislamu, watu waungwana sana. Mbwa kwao hagusi chombo wala nguo ya sala. Watoto wakianza kutoka nje, banda lao liko upande wa kulia, maji ya kuoshea hayapiti mlangoni kwao, na Manga hafunguliwi saa ya watu kwenda msikitini. Mama wa nyumba ile hajawahi kumgusa mbwa wangu hata mmoja. Lakini usiku Manga alipofanyiwa upasuaji wa kuzaa, mara ya pili, ni yeye aliyelala kwangu kuwaangalia wanangu.

Chanjo. Ya kwanza wiki ya sita hadi ya nane, inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya kumi na sita. Kichaa cha mbwa miezi mitatu, halafu kila mwaka. Pavo, virusi vya kuhara vinavyoua watoto wa mbwa, inakaa kwenye udongo mwaka mzima na zaidi, sabuni ya kawaida haiiui, inatakiwa klorini na sehemu iwe imesafishwa uchafu kwanza. Ndiyo maana mgeni wangu anavua viatu getini, hata akiwa mkubwa wa aina gani. Na asiseme mtu kwamba mbwa wake haendi popote. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi vya mbwa, iliingia Serengeti ikaua karibu theluthi moja ya simba wa hifadhi, na watafiti waliinyooshea kidole mbwa wa vijiji vya jirani. Simba, wazee wangu. Kama ugonjwa wa mbwa umefika kwa simba, hauwezi kushindwa kuvuka ua wa michongoma. Kwa hiyo chanjo nikinunua ya kwangu, nalipia na ya koko wawili wa mtaa wetu. Hao ndio wanaopita chini ya geti langu.

Kuuza. Mtoto haondoki kabla ya wiki nane. Anayemtaka anakuja kwangu mara mbili, anamwona mama, namuuliza maswali mpaka wengine wanakasirika: nani yuko nyumbani mchana? Mkisafiri Krismasi anabaki na nani? Mwenye nyumba anaruhusu mbwa? Arbuni sipokei kabla ya watoto kutimiza wiki tano, nisije nikajikuta nimeuza mtoto ambaye bado sijamjua. Kwenye karatasi tunayosaini kuna sentensi moja ninayoisoma kwa sauti: siku yoyote, kwa sababu yoyote, ukishindwa, anarudi kwangu. Wamerudi wawili. Mmoja alikuja na miaka mitatu, mwenye naye alihamishwa kikazi, na hivi sasa yuko kwa mwalimu mstaafu kule Tengeru.

Nilisema nitarudia habari ya mafuta. Shnauza wadogo wengi wana mafuta mengi kwenye damu hata wakilishwa vizuri, na kongosho lao huvimba kwa urahisi. Mtoto mmoja wa uzao wa pili alikwenda kwa familia iliyompenda kupita kiasi. Krismasi wakachoma kitimoto, wakampa mafuta yale ya pembeni sahani nzima, kwa upendo. Siku ya pili alikuwa amepinda mgongo, anatapika. Alikaa na dripu siku nne, akapona, lakini tangu hapo anakula chakula kisicho na mafuta na atakula hivyo maisha yake yote. Nilijilaumu kwa sababu nilikuwa nimewaambia mara moja tu, siku ya kumchukua, wakati watu hawasikii kitu kwa furaha. Sasa nawapigia simu wateja wote tarehe 23 Desemba, na kabla ya Pasaka pia.

Nimalizie na hali ilivyo leo nyumbani kwangu. Manga ana miaka saba. Amezaa mara tatu, watoto kumi na wawili, kumi na mmoja wako hai, na mwezi ujao anafungwa kizazi. Amebaki binti yake, ana miaka miwili na miezi mitatu, umbo zuri, tabia tulivu kuliko ya mama. Kipimo cha mayotonia kimerudi safi. Macho yake daktari aliyachunguza mara ya kwanza akaona kitu kidogo jicho la kulia ambacho hakukipenda, na Alhamisi tunarudi kuangalia kama kimekua. Watu kumi na wanne wameniandikia wakisubiri watoto wake, na wawili wao nawaona wamekaa hapa mbele. Kama kimekua, hatapandishwa, na jioni hiyo hiyo nitawapigia simu wote kumi na wanne mmoja mmoja.

Sanduku liko pale nyuma karibu na meza ya chai, na mizani iko ndani yake. Mwenye jike anayekaribia kuzaa aje tupime vipimo vya ubao pamoja, penseli ninayo.